Alama za Penseli Mlangoni

Ulikuwa mwaka wa tisini na sita. Hapana, nimekosea. Tisini na sita ndio mwaka Duane Tollefson aliponunua trekta la kijani, na albamu ilikuja baada ya trekta. Tuseme basi tisini na saba, theluji ikiwa bado imeng'ang'ania mitaroni, huku kwetu Minnesota.

Duane na mkewe Marlys walikuwa wanatafuta mtoto wa kulea. Ukitaka mtoto hivyo, unatengeneza albamu ya maisha yako: picha za nyumba, za mbwa, za jamaa, na barua mbele. Shirika linalosimamia mambo hayo linawapelekea wasichana wenye mimba ambao wameona hawataweza kulea. Wao ndio wanaochagua. Wewe unakaa unasubiri simu.

Siku ya picha, jirani yao Arlene alikuja na kamera. Marlys alisimama jikoni, karibu na mlango wa ukumbini, mumewe kando yake.

"Cheka basi, Duane. Umekaa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino," Marlys akasema.

"Hivi ndivyo ninavyocheka."

"Ndiyo maana ng'ombe wetu hawatoi maziwa."

Arlene akacheka mpaka kamera ikamtikisika, na picha ile ndiyo iliyotoka nzuri kuliko zote. Ila nyuma yao, kwenye mwimo wa mlango, zilionekana alama nne za penseli, moja juu ya nyingine, kila moja na herufi K kando yake.

K ni Kirby. Kila siku yake ya kuzaliwa Duane alimsimamisha pale bila viatu, akamlazia kitabu kichwani, akachora. Mtoto alikuwa anainua visigino kwa siri, na baba yake anajifanya hakuona. Alama ya tano haikuchorwa. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua kabla ya siku hiyo kufika.

Paulette wa shirika alikuwa mama mpole. Aliipitia albamu ukurasa kwa ukurasa, akaisifu barua, kisha akamwomba Duane aifute sentensi moja, ile ya Kirby. Alisema msichana anayekuja kuisoma ana msiba wake tayari tumboni, asibebeshwe na wa watu wengine. Na ile picha ya jikoni wapige nyingine, mahali pengine.

Jumamosi Duane alitoka zizini akasikia harufu ya rangi tangu barazani. Mwimo ulikuwa mweupe, unang'aa. Marlys alikuwa anaosha brashi kwenye sinki, amempa mgongo.

"Imekaa vizuri," Duane akasema. Akanawa mikono, akala. Basi.

Simu ilikuja kiangazi. Msichana aliitwa Tawnya, mhudumu wa mkahawa wa madereva wa malori, mimba yake miezi minane, na alitaka kuwaona kwao. Marlys akaoka bakuli la viazi na nyama ya kusaga, akaoka na pai. Paulette ndiye aliyemleta. Tawnya alipoingia alimtazama mbwa, akasema kumbe kwenye picha walimficha tumbo, maana mbwa huyu ana mimba kubwa kuliko yake. Duane akacheka kicheko chake cha kweli. Kwa muda mfupi nyumba ile ilikuwa na watu ndani yake.

Kisha msichana akaitoa albamu mkobani. Barua ilikuwa mpya, lakini picha ya jikoni ilikuwa ile ya kwanza. Katika nakala moja shirika lilisahau kuibadilisha. Akainuka, akaenda mlangoni, akapitisha vidole kwenye mwimo, juu mpaka chini.

"Ziko wapi zile alama?"

Marlys akatazama sahani. Paulette naye akatazama mkoba wake.

"Tulipaka rangi," Duane akasema.

"Zilikuwa za nani?"

"Za mwanetu, Kirby. Alifariki."

Tawnya akaweka mkono juu ya tumbo. "Mimi hakuna aliyewahi kunipima," akasema. "Nilipoziona nikajiambia, hawa ndio watu wenyewe."

Akamaliza pai yake. Wakati wa kuaga alimkumbatia Marlys, akakawia kumwachia. Wiki iliyofuata Paulette alipiga simu kusema kwamba Tawnya amewachagua watu wa mji wa Duluth.

Duane alichukua kisu kidogo, akaikwangua rangi ile taratibu, akaifikia mbao tupu. Penseli ilikwisha kutoka pamoja na rangi. Alimuuliza Paulette sababu, akaambiwa mambo ya msichana hayasemwi. Alimuuliza Marlys, Marlys akafungua bomba la maji. Alizeeka akiuliza, hata mimi aliniuliza: "Yule msichana alitukimbia kwa sababu tulikuwa na mtoto akafa, au kwa sababu tulimfunika kwa rangi?"