Mlango Nilioukwangua Rangi

Sina nguvu ya kubembeleza mtu aniamini. Nimechoka. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Kitengela, jua likiwa bado linaonekana, na sikuwa nimeonja kitu.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu, wenye mikahawa walianza kutaka vitu vipya vionekane vikuukuu. Ajabu, sivyo? Mtu anakuletea mbao safi kutoka dukani, halafu anakuambia umzeeshee. Kazi yenyewe si ngumu. Unapaka rangi ya kwanza, ikikauka unasugua mshumaa pale unapotaka pabanduke, kisha unapaka rangi ya pili. Baadaye ukipitisha kisu, penye nta rangi inatoka vipande vipande na ile ya chini inachungulia. Ujuzi uko katika kuchagua mahali. Rangi ya mlango haitoki ovyo. Inatoka pale mikono inaposhika na magoti yanaposukuma. Kwa hiyo mimi hujiwekea mtu kichwani.

Safari hiyo nilikuwa natengeneza mlango wa mkahawa mmoja. Nikamfikiria mama anayerudi na ndoo mkono wa kulia, anayesukuma mlango kwa mkono wa kushoto. Chini nikamwekea mtoto anayegonga kwa kijiko akimngoja. Niliwafikiria mno, kuliko kazi ilivyohitaji. Nilipomaliza kukwangua, kijani juu, bluu chini, nikausimamisha mlango katika fremu yake nje ya kibanda. Hapakuwa na ukuta. Mlango tu, na uwanja pande zote.

Nikiwa nakusanya vifaa, nikasikia, "Hodi."

Sasa niambie, wewe ukibishiwa hodi hufanya nini? Mdomo ulijibu kabla ya kichwa. "Karibu."

Mlango haukufunguka. "Mama, zunguka tu," nikasema, nikicheka.

"Nizunguke mlango yangu?" Sauti ilikuwa ya mtu aliyetembea sana. "Nyumba walibomoa wakati shamba iliuzwa. Hiyo mlango nimetafuta mpaka Kiserian. Niko na ndoo, nifungulie."

Nikachungulia pembeni. Alikuwa mama mwenye sweta ya kijivu na leso, ndoo mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya alama niliyoikwangua asubuhi, nao ulitoshea kabisa. "Hii ya chini ni ya kijiko ya Mwende," akasema. "Alikuwa anagonga hivyo nikichelewa."

Niliogopa, ndiyo. Lakini zaidi nilimhurumia, nikafungua. "Asante, baba," akasema, akapita. Upande wangu hakutokea mtu. Pale kizingitini palibaki maji yaliyomwagika, na ndipo nikagundua kwamba kijiko kilikuwa kikigonga karibu na goti langu muda wote huo, na sasa kimenyamaza.

Mkahawa niliutengenezea mlango mwingine. Huu nimebaki nao, kwa sababu kesho yake jioni alibisha tena, na kesho yake tena. Nikiuacha wazi, naukuta umefungwa. Nikipaka rangi upya, asubuhi alama ziko palepale. Mke wangu alijaribu kumfungulia, mama akabaki nje akingoja. Aliyesema karibu ni mimi. Siku moja nilienda mazishi Kajiado nikalala huko. Niliporudi, alama ya kijiko ilikuwa imechimbika mpaka kwenye mbao, na udongo mbele ya mlango umekanyagwa wote. Nilikaa chini nikalia.

Mke wangu sasa anaishi kwa kijana wetu Rongai. Hunipigia simu. "Baba Musa, utakuja lini?" Namwambia karibuni. Nitamwachia nani yule mama na mtoto wake?

Kwa hiyo wewe unayependa vitu vya kuzeeshwa, kwangua rangi ovyo ovyo, usimpe mtu yeyote zile alama. Na ukisikia hodi, angalia kwanza kabla hujakaribisha. Ningekueleza zaidi, lakini jua limeshuka, na kijiko kimeshaanza kugonga.