Kiti cha Mwenye Jumba

Juzi nilipita kwenye jumba la maigizo, hapa Toronto, ambalo mama alikuwa akilifanyia usafi. Linabomolewa. Viti vyekundu vimerundikwa nje kwenye theluji, nami nikaukumbuka mchana mmoja.

Mama alinipitia shuleni akaenda nami kazini. Ukumbini kulinuka vumbi na dawa ya mbao. Viti vile hujikunja vyenyewe mtu akiinuka, na vyote vilikuwa vimejikunja, isipokuwa kimoja cha mbele.

"Usikikalie hicho," mama alisema. "Ni cha mwenye jumba. Yuko Ulaya."

Mimi niliona kuwa amekaa pale pale, ila haonekani. Nyumbani kwetu mkubwa hapitwi bila salamu, basi nikasimama mbele ya kiti nikasema, "Shikamoo."

Kiti kikajikunja polepole, kikilia kama goti la mzee anayeinuka.

"Springi imechakaa tu," mama alisema, lakini ufagio ulikuwa umemponyoka.

Leo najua kuwa mwenye jumba hakuwa mtu. Ilikuwa kampuni ya wawekezaji wa ng'ambo, jina tu kwenye makaratasi. Ila tangu siku ile, kila tulipoingia, kabla hajawasha taa, mama alinong'ona gizani, "Shikamoo, mzee."