Carlota na Mtutu wa Pili

Ungemwona Carlota amekaa kimya, ungedhani ni mpole. Kumbe! Ulimi wake ulikuwa pilipili, na mikono yake, we acha tu! Alivuka Ruvuma na mama yake, Bi Esperanca, wakikimbia vita vya Mreno. Mama akabaki kulima kando ya mto, upande wa Tanzania; binti akaja Likombe, huku pwani, kutafuta kibarua. Mwaka sabini na mbili akajiunga na mgambo.

Kilichomkosesha raha ni kimoja: mama yule alikuwa peke yake kule mpakani. Waliopelekwa kulinda mtoni walikuwa wapiga rashasha tu, ile bunduki kubwa inayosimama kwenye miguu ya chuma. Carlota alikitaka kikosi hicho mpaka usingizini akawa anakitaja.

Mkufunzi wao, Sajini Filipo, hakuwa na roho mbaya, ila mawazo yake yalikuwa ya zamani. "Akina mama watapika uji," alisema.

"Afande, uji naupika tangu nina miaka saba," Carlota akamjibu mbele za watu. "Nimekuja kujifunza nisichokijua."

Loo! Uwanja mzima ukaangua kicheko. Bahati yake, sajini naye alicheka. Akatangaza shindano la Jumamosi, watu wawili kwa rashasha moja: risasi kumi, ubadilishe mtutu, kumi nyingine, ubadilishe tena, kumi za mwisho. Watakaomaliza kwanza wataenda mtoni. Watakaoshindwa, jikoni.

Sababu ya kubadilisha ni kwamba rashasha ikipiga mfululizo, mtutu unapata moto mkali. Rashasha zao zilikuwa na mtutu wa akiba: unafungua komeo, unaushika ule wa moto kwa mpini wake, unauchomoa, unachomeka wa pili.

Erasto, karani mmoja wa bandari aliyependa kusikika, hakuutaka utaratibu huo, na sajini akamwachia afanye apendavyo. Yeye na mwenzake Jasinto wangeng'oa sehemu yote ya juu, bunduki nzima, waiache miguu tu, kisha wapachike bunduki ya pili. "Inakuja na shabaha yake tayari," alijigamba. "Nyie hangaikeni na vyuma."

"Kilichopata moto ni mtutu," Carlota akasema. "Mchi ukipasuka, kwenu mnatupa na kinu?"

Mwenzake Carlota alikuwa Rozalia, mke wa mwalimu, mtu wa Songea. Walikuwa majirani, wamezoea kutwanga pamoja kwenye kinu kimoja, mmoja akipandisha mchi mwingine anashusha. Basi wiki nzima wakafanya mazoezi vivyo hivyo, kwa wimbo uleule wa kutwangia: huyu anachomoa, yule anachomeka. Wanaume walipita wakiwacheka. Waache wacheke!

Jumamosi ikafika. Filimbi ikalia, risasi kumi zikatoka, na Erasto na Jasinto wakabadilisha bunduki yao kufumba na kufumbua. Wakawaacha akina mama nyuma kabisa. Carlota akamwona mama yake akilini, yuko shambani peke yake, akataka kulia, lakini Rozalia alikuwa ameshaanza kuimba, naye ikabidi aitikie.

Risasi kumi za pili zikaisha. Sasa kila upande ulihitaji kukirudisha kifaa cha kwanza, wale bunduki, hawa mtutu. Erasto akageuka kuichukua bunduki yake. Iko wapi? Jasinto alikuwa ameilaza mchangani, mchanga laini wa pwani, nayo ilikuwa imejaa mafuta. Wakaipachika, Erasto akavuta. Kimya. Akavuta tena, akaitukana kwa Kiswahili, akaitukana kwa Kiingereza cha ofisini. Mchanga ulikuwa umeingia kila mahali.

Kwa Rozalia mtutu wa kwanza haukugusa chini hata kidogo. Alikuwa ameushika kwa mpini, unaning'inia mkononi, kwa kuwa mwanamke aliyelelewa kinuni halazi mchi mchangani, hata awe na haraka ya namna gani. Hakufikiria, ni mazoea tu. Carlota akaupokea, akauchomeka, kumi za mwisho zikalia moja baada ya nyingine.

Vigelegele! Rozalia akacheza hapohapo na buti zake. Carlota alilia kwa furaha mpaka kamasi zikamtoka, wala hakuona haya. Sajini Filipo akasoma majina mawili kwa sauti, kisha akamwomba Carlota awafundishe wengine wimbo ule.

Wiki mbili baadaye Carlota aliingia kijijini kwao mtoni na kikosi chake. Bi Esperanca alimzunguka mara tatu akimkagua, kisha akamshika mashavu. Miaka yote tangu wavuke alikuwa anapanda mihogo na kunde tu, vitu ambavyo mtu anaweza kuviacha akakimbia. Asubuhi iliyofuata Carlota alimkuta anachimba mashimo nyuma ya nyumba, jasho linamtoka.

"Mama, unapanda nini?"

"Mikorosho," akasema mama. "Niletee maji."