Matairi ya Theluji ya Mwaisha

Kina mama wa Kilogani walikuwa wamemsamehe Mwaisha, lakini gari lake hawakulisamehe. Kiangazi chote kile alipopanda kijijini walimpokea vizuri. Walimkaribisha chai ya mdalasini, wakampa habari za misiba na za harusi, kisha wakajitwika mikungu yao ya ndizi na kuteremka mlima kwa miguu, huku pikapu yake imesimama pale pale, tupu. Mwaisha alipakia magunia ya wachuuzi wawili watatu waliokuwa na haraka, akashuka polepole nyuma ya kina mama. Hakupiga honi. Walipopata pa kujibanza walimpisha, wakampungia mkono, naye akawapungia, akawapita na moyo wake mzito.

Chanzo chake kilikuwa masika iliyopita. Njia ya Kilogani ina mahali pawili ambapo dereva husema bismillahi yake kwa sauti. Pa kwanza ni penye bamba la jiwe, pana na laini kama sakafu, ambalo maji ya mlimani hupita juu yake mwaka mzima. Pa pili ni juu kidogo ya hapo, kwenye kona ya udongo mwekundu wa mfinyanzi, upande mmoja ukuta na upande mwingine bonde. Kwenye kona hiyo pikapu iliteleza ubavu ikiwa na kina mama nyuma, ikasimamishwa na mfenesi. Hakufa mtu. Ila Mwanahawa, mama wa makamo ambaye pale kijijini akisema kaa watu hukaa, alivunjika mkono. Watu walipoyatazama matairi waliyakuta yana kipara, kashata zote, yale meno ya mpira, zimekwisha. Mwaisha alikuwa akisema kila mwezi kwamba atayabadilisha mwezi ujao.

Hakujitetea. Aliacha nyumba yake Bigwa, chini ya mlima, akahamia kwa Mwanahawa, akampikia, akamfulia, akamchotea maji na kumpalilia migomba mpaka mkono ukaunga. Mwanahawa alimshukuru, akamwombea dua. Siku Mwaisha alipomwambia apande amshushe mjini akapimwe, alivaa kanga zake mbili akashika njia kwa miguu.

Kwa Mwaisha jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko riziki. Gari lile lilikuwa la mjomba wake Nassoro, na kwa Waluguru, wanaofuata ukoo wa mama, mjomba ndiye mlango wa mtu. Mzee Nassoro alipochoka kuendesha, watu wote walitazamia ufunguo umwendee mpwa wake wa kiume, maana wapwa wa kiume alikuwa nao. Akawaita ndugu wa ukoo, akaketi mbele yao, akamwita Mwaisha, ambaye tangu msichana alikuwa akiliosha gari lile na kulisukuma. Wakaguna. Mmoja aliuliza kama ukoo umeishiwa wanaume. Mzee akajibu kwamba wanaume wapo, tena hodari, ila mlimani gari haliuliwi na mwoga, linauliwa na anayeona haya kurudi nyuma, na huyu binti hajawahi kuona haya hiyo. Akamkabidhi ufunguo kwa mikono miwili. Alimwambia jambo moja tu, kwamba gari hili ni miguu ya mama zake, hivyo yeye mzee asije akasikia limekuwa la magunia.

Sasa mzee alikuwa hai bado, amelala kitandani Bigwa, na gari lilikuwa la magunia.

Basi mawingu ya masika yalipoanza kukaa juu ya milima bila kuondoka hadi mchana, Mwaisha alishuka mjini, Mafiga, kwa Elia, muuza matairi. Elia ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi na Mluguru ni watani tangu enzi za misafara. Mtani hasalimii kwanza, hutukana kwanza.

"Karibu, mlima," alisema Elia bila kuinuka kwenye kiti alichokitengeneza kwa tairi bovu. "Leo umeifunga nyumba kamba vizuri? Isije ikaporomoka ikatukuta huku."

"Nimeifunga kwa ile kamba babu yako aliyofungia mizigo ya watu kichwani," alijibu Mwaisha. "Kutoka Tabora mpaka pwani, na mpaka leo hamjaitua. Wewe umebadilisha tu, unabeba matairi."

Walipomaliza kucheka alimweleza shida yake. Elia akamwonyesha matairi ya aina mbili. Ya kwanza yalikuwa mapya, magumu, yenye kashata kubwa zilizoachana kama meno ya mtoto. Ya pili yalikuwa ya mtumba kutoka Japani, yamechorwa ubavuni alama ya mlima na nyota ya barafu. Mpira wake ulikuwa laini hata ukiuminya kwa kidole unabonyea, na juu ya kila kashata palikuwa na vijichanjo vyembamba vingi kama chale. Elia akamwambia hayo yalitengenezwa kwa ajili ya theluji. Hukohuko kwenye baridi, mpira ule haukakamai, na vile vijichanjo hushika barafu.

Mwaisha akapapasa vile vijichanjo, akaliona bamba la jiwe la Kilogani machoni pake. Kitu kinachoshika barafu kitashindwaje kushika jiwe? Akasema anachukua hayo.

"Theluji ninyi mtaipatia wapi?" Elia alisema. "Labda mkayavute mawingu kwa kamba. Hayachukui udongo hayo, mtani wangu. Yataziba yawe kipara. Na lami ya huku chini ikipata jua, yataisha kama sabuni ya mwali."

Mwaisha akacheka sana. Angekuwa Mluguru mwenzake aliyesema, au Mpogoro, au hata mtoto wa shule, angeuliza mara mbili. Lakini maneno ya mtani huingia kwa mlango wa kicheko na kutoka kwa mlango huohuo. Mtu anayekuambia nyumba yako imefungwa kamba, utamsadikije akikuambia habari ya udongo? Akamwambia Elia afunge matairi na afunge na mdomo. Elia akafunga, akatikisa kichwa.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha usiku kucha. Asubuhi Mwaisha hakwenda kituoni kuita abiria. Alijaza mchanga kwenye mifuko ya saruji, akaipanga nyuma kwenye mabenchi, mmoja mmoja, pale pale wanapokaa kina mama, akaifunga. Jirani alimuuliza kama anakwenda kujenga. Akasema anakwenda kuuliza swali.

Kwenye bamba la jiwe gari lilipanda kama paka. Maji yalikuwa yakiteremka juu ya jiwe kwa kelele, na magurudumu hayakukwaruza hata mara moja. Mwaisha alijisikia mwili wote umekuwa mwepesi, akaanza kuwaza namna atakavyolisimamisha gari mbele ya nyumba ya Mwanahawa na kumfungulia mlango bila kusema kitu.

Kisha akaingia kwenye kona. Udongo ulikuwa umelowa mpaka ndani, mwekundu, unanata kama ugali uliokosa moto. Gari lilikwenda urefu wake, likaenda urefu wake tena, halafu usukani ukawa mwepesi mkononi. Akajua. Alitoa kichwa dirishani, akaona gurudumu linazunguka likiwa duara jekundu laini, kashata hazionekani, vijichanjo vyote vimezibwa. Gari likaanza kurudi lenyewe, na kitako chake kikaelekea bondeni. Hakukanyaga breki kwa pupa. Aliliacha lirudi, akalielekeza ukutani taratibu kama mtu anayemlaza mgonjwa, mpaka ubavu ukaegemea udongo na likasimama. Akazima injini.

Hapo ndipo aliposikia sauti za watu. Kina mama wa Kilogani walikuwa wanateremka na mikungu kichwani, Mwanahawa mbele, mkono mmoja tu ukishika mzigo. Wakasimama. Mtu mwingine angesema breki, au mvua, au mapenzi ya Mungu, na hakuna ambaye angembishia. Mwaisha alishuka, akawaamkia shikamoo waliomzidi umri, akawaambia amekosea kuchagua matairi. Kwenye jiwe yanafaa, kwenye udongo hayafai, na aliambiwa akadhani anataniwa.

Mwanahawa alikuwa ametazama nyuma ya gari.

"Ulikuwa umepakia nani?"

"Sikupakia mtu, mama. Mchanga."

Mwanahawa akatua mkungu wake, akasogea. Aliitazama mifuko iliyokaa kwenye mabenchi, miwili imepinduka upande wa bonde, mmoja umepasuka. Ule uliopasuka ulikuwa kwenye nafasi ya pembeni aliyozoea kuikalia yeye. Akaupapasa kwa mkono wake ulioungwa, akakung'uta mchanga vidoleni.

"Tumsukume," aliwaambia wenzake.

Wakakata magogo ya migomba, wakayapasua na kuyatandika chini ya magurudumu, wakasukuma, wakamrudisha hadi penye upana wa kugeuzia. Walisukuma kwa nyimbo na kwa masimango. Mmoja alimwambia Mwaisha kwamba walikataa kupanda gari lake, kumbe sasa gari lake linawapanda wao. Akacheka nao. Lakini alipowaambia kwamba wakifika chini kwenye njia nzuri atawachukua, walijitwika mizigo yao na kuendelea kwa miguu.

Elia alimwona akiingia na matairi mekundu, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakutukana.

"Nilikuambia," alisema.

"Uliniambia kwa mdomo wa utani."

Elia akavuta kiti kile cha tairi, akamkalisha. "Sikiliza. Siku utakapokufa, nani atakayelala kaburini mwako agome kutoka mpaka ndugu zako watoe chochote? Mimi. Nani atakayevaa kanga yako matangani na kuiga mwendo wako mpaka waliao wacheke? Ni mimi. Kazi hiyo ninayo tayari, kwa hiyo sina haraka nayo. Nikikutania nyumba yako, cheka. Nikikuambia habari ya tairi, uliza tena."

Mwaisha akauliza tena, safari hii kwa kirefu. Aliuliza kashata ziachane kiasi gani ndipo udongo utoke wenyewe gurudumu likizunguka. Akauliza kuhusu jiwe, maana mpira mgumu kwenye jiwe lenye maji nao una hatari yake. Elia akamwambia hapo hakuna tairi la kumtosheleza kila kitu. Achukue ya meno makubwa, na akifika kwenye jiwe apunguze upepo, tairi litandae, apande kwa gia ya chini bila kukanyaga mafuta kwa hasira. Wakatoka nje wakajaribu, wakipunguza upepo na kutazama namna mpira unavyolala chini, mpaka Mwaisha akaweza kujua kwa kulikanyaga tu. Matairi ya theluji Elia aliyachukua mwenyewe, akasema kuna watu wa mjini wanaoyapenda. Halafu, bila kuomba, akautwaa mkungu wa ndizi ambao Mwaisha alikuwa ameununua njiani na kuuweka nyuma ya gari. Ni haki ya mtani, na Mwaisha hakumzuia.

Alipanda tena siku ya mvua, na mchanga tena, mifuko ile ile. Kwenye jiwe alishuka, akatoa upepo, akapanda. Gurudumu moja la nyuma lilikwaruza katikati ya bamba; akaachia mafuta, akasubiri, likashika. Kwenye kona udongo uliruka kutoka kwenye kashata vipande vipande, ukapiga mlango, ukapiga kioo, na gari likapita likilalamika. Hakusimama kushangilia. Aligeuza mbele kidogo, akaiteremka kona, akaipanda mara ya pili, kwa sababu mara moja inaweza kuwa bahati.

Kijijini wakatoka kumtazama. Gari lilikuwa jekundu mpaka paa. Mwanahawa alilizunguka lote. Aliinama kwenye kila gurudumu, akatia vidole katikati ya meno, akatoa udongo, akaona mpira mweusi chini yake. Akamwambia Mwaisha ateremshe mchanga. Kisha akaingia kwake, akatoka na mikungu yake na kuipakia mwenyewe.

"Ndizi zangu zipande," alisema. "Mimi nina miguu."

Wenzake wakatazamana. Wawili wakaleta mizigo yao, wengine wakajitwika kama kawaida na kushika njia za mkato. Mwaisha aliendesha kwa mwendo wa mtu, Mwanahawa akitembea mbele yake na fimbo. Walipofika penye kona, Mwanahawa alijibana ukutani, akamwashiria apite. Alitaka kuona. Mwaisha akaingia kwenye gia ya chini, akaliacha gari lijishikilie lenyewe, meno yakikata udongo polepole. Alipita mfenesi ukiwa na kovu lake, akafika penye tambarare, akasimama. Alikuwa akimtazama Mwanahawa kwenye kioo cha pembeni, mdogo, na kanga yake imelowa, bado yuko juu ya kona.

Alisubiri. Hakupiga honi, hakuzima injini.

Mwanahawa akaja akiteleza, akijishikilia kwa fimbo. Alifika ubavuni, akaweka mkono kwenye bodi, ule ulioungwa, akaibonyeza kama anayejaribu kitanda. Chini kabisa bondeni zilisikika sauti za wale walioshika njia za mkato. Walikuwa wameshavuka mto. Akatupa fimbo juu ya ndizi, akapanda, akakaa pembeni, akagonga paa la gari kwa kiganja.

"Twende basi," alisema. "Wale wakitutangulia sokoni watauza zote, sisi tutabaki kuuza udongo."