Koti Lenye Mgongo Wazi

Mume wangu alipofariki kule Kongo, nilivuka mpaka na vitu vyake viwili: kamera, na koti jeusi alilofungia ndoa. Kamera ikanilisha. Koti nililitundika msumarini katika studio yangu ya Wandegeya, maana wanafunzi huja kupiga picha za pasipoti wakiwa na fulana, na Kampala hii mtu akipigwa picha ya pasipoti bila koti anajiona yuko uchi. Wanaazima, wanapigwa, wanavua. Kila studio ina koti lake la kuazimisha. Langu lilikuwa na mwenyewe, lakini hilo sikumwambia mtu.

Siku moja akaingia mwalimu wa shule ya msingi kutoka wilaya ya mbali, anagombea udiwani, anataka picha ya bango. Mwembamba, shingo kama ya kuku. Koti likamkaa, na udiwani akaupata. Basi, akaamini ni koti! Uchaguzi uliofuata alitaka ubunge, akayapita maduka yote ya nguo na kuja kuniulizia lile lile. Ila udiwani ulikuwa umemnenepesha. Mikono iliingia, mgongo ukagoma. Akasema tupasue nyuma kidogo, kwani kamera inaona mbele tu. Nilikataa. Akaniapia kwamba akiingia bungeni, wale askari wa jiji hawatabeba tena kibao changu cha barabarani. Na mimi, mjinga wa mwisho, nikachukua mkasi kwa mkono wangu huu nikampasua mume wangu mgongo, kutoka pindo hadi kola. Tukalifunga kwa vibanio vya kuanikia nguo.

Alishinda. Kibao changu kilibebwa wiki ile ile. Asante ya punda ni mateke.

Muhula wake wa pili bungeni, redio ikasoma orodha ya baraza jipya la mawaziri, naye yumo: waziri mdogo wa uvuvi, mtu ambaye kwao hakuna hata bwawa. Kesho yake akaja na mlinzi kuchukua koti la kuapia. Nilimweleza kwamba kuapa si picha ya pasipoti, watu watamwona mgongo. Akanijibu kwa utulivu kabisa kwamba hatageuka. Mlinzi akaondoka na koti amelipakata kwa mikono miwili kama mtoto wa kubatizwa.

Nilitazama kwenye televisheni ya mgahawa wa jirani. Aliapa vizuri, Biblia juu, sauti nzito. Na kweli hakugeuka. Alirudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, akiwainamia wakubwa, mpaka akamkalia mapajani waziri mwingine. Walipomnyanyua, nchi nzima ikaona shati jeupe na vibanio sita, viwili vya waridi. Nguo ya kuazima haisitiri matako, ndivyo tulivyofundishwa. Mgahawa mzima ulicheka. Mimi nililia, tena kwa hasira, kwa sababu aibu ilikuwa yake lakini mgongo ulikuwa wa mume wangu.

Wiki iliyofuata wakaja madiwani wawili wa wilaya yake, kila mmoja na koti jipya, wanataka yapasuliwe nyuma. Walikuwa wameona ndivyo mawaziri wanavyovaa. Nikawapasulia. Mmoja aliomba na vibanio, viwe vya waridi.

Lakini koti langu halikurudi. Nikipiga simu, msaidizi wake ananiambia koti liko mkutanoni. Mara koti limesafiri. Mwaka mzima nimekaa naulizia nguo ya marehemu kama ninayeomba miadi na mkubwa, na wateja wangu wanapigwa picha na fulana zao.

Hatimaye baraza likavunjwa, orodha mpya ikasomwa, yeye hayumo. Nikaenda kwake Kisugu mchana huo huo. Walinzi walishaondolewa. Nilimkuta peke yake kando ya redio, amevaa koti, mgongo ameuegemeza ukutani. Alisimama kunisalimia bila kuuachia ukuta. Akaniomba nimwachie siku chache tu, huenda orodha ina makosa, huenda isomwe upya.

Nikamwambia, "Vua."

Akavua, akanikabidhi, akabaki na shati, kitambi na ile shingo yake ya zamani. Nilimwonea huruma, na nikachukia kwamba namwonea.

Nyumbani nililishona kwa mkono, uzi mweusi, jioni tatu. Mshono unaonekana, sikujali. Likarudi msumarini, na wembamba wakaendelea kuliazima.

Mwaka huu amekuja tena, anautaka udiwani ule ule wa mwanzo. Akalitoa koti msumarini, akaligeuza, akaupitishia mshono kidole kutoka chini hadi juu.

"Mama, tupasue kidogo tu. Kamera inaona mbele."

"Nimeshamshona, mheshimiwa," nikamwambia. "Simpasui tena."

Alinitazama, akalitazama koti, akalirudisha taratibu, akalinyoosha na mabega. Kisha akakaa kwenye kiti na shati lake, nikampiga picha.