Ua la Plasta Kwenye Dari ya Sebule

Kule Uvira, mwalimu wa kwaya yetu alimpa binamu yangu ngoma, mimi akanipa kayamba. Siku tatu sikumsalimia binamu. Nikaacha kwaya, na kwa vile Jumapili zangu zilibaki wazi, mjomba wangu fundi akanichukua nimkorogee chokaa. Donc kazi yangu ilizaliwa na wivu, sitawaficha. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tatu.

Siku yangu ya kwanza ya kazi Amerika ilikuwa Buffalo, baridi ya kukata masikio. Msimamizi, mzungu wa sharubu, alinionyesha ukuta wa zamani uliopasuka. Nikaugonga kwa kidole, nikasikia lipu imeachana na fito. Fito ni vibao vyembamba vinavyopigiliwa ndani ili lipu ishike. Akasema, "Huyu anajua." Hilo nililielewa bila kujua Kiingereza. Halafu nikahamia Columbus, upande wa Northland, kufunga mbao za jasi kwenye apatimenti mpya. Kazi ya skrubu tu, si ufundi. Bon, tuyaache.

Louisville ndiko nilikokutana na nyumba yenyewe, tuliyoitwa kuikarabati. Ghorofa tatu za matofali mekundu, nyembamba mbele, ndefu nyuma, dirisha la sebule limetoa tumbo barabarani. Aliijenga mfanyabiashara wa tumbaku, zamani za farasi. Binti zake wawili walizeekea humo bila kuolewa. Mmoja alichora kimo cha mpwa wake kwenye fremu ya mlango wa jikoni, mwaka hadi mwaka, mpaka mtoto akampita. Kisha nyumba ikakatwa vyumba vya kupanga, na ngazi ya wajakazi ikageuzwa kabati la viatu. Lakini sebuleni, darini, palikuwa na ua la plasta, majani na zabibu, pana kama meza ya watu sita. Nililitaka ua lile jinsi mtu anavyotaka mke wa watu.

Asubuhi moja msimamizi wa pale akanitumia ujumbe kwenye simu. Niliona neno moja ninalolijua: *cave*. Kwetu kave ni chumba cha chini ya nyumba, neno walilotuachia Wabelgiji. Nikashuka na ndoo zangu, nikaziba nyufa mpaka saa sita. Juu nikasikia gbuu!

Kumbe ujumbe ulisema dari inataka kuporomoka, niweke nguzo haraka. Nusu ya ua ilikuwa sakafuni.

"Ulikuwa wapi?" msimamizi akaniuliza.

"Kave."

Wanjala, Mkenya tuliyefanya naye kazi, aliyekuja Amerika kusomea majengo, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mzee, *cave in* ni kuanguka, bana! Wewe ukaenda kujichimbia kama panya?"

Msimamizi akampa Wanjala kazi ya kulirudisha ua. Mimi nikapewa kuta za ngazi.

Siku mbili baadaye Wanjala akanijia kwa adabu. "Mzee, nisaidie. Nikivuta kalibu, plasta inaganda kabla sijamaliza."

Kalibu ni bati lililokatwa umbo la ukingo. Ukiliburuta juu ya plasta mbichi linaacha mistari. Dawa nilikuwa naijua: gundi kidogo kwenye maji, plasta inachelewa kuganda.

"Uliza simu yako," nikamwambia. "Si inajua yote?"

Kesho yake plasta haikumgandia mapema tena. Ua likarudi. Alipotoka kula, nilipanda jukwaani nikapapasa kila jani, kila zabibu, natafuta kosa. Sikupata.

Siku nyumba ilipofunguliwa, mama mwenye nyumba alileta keki na wageni. Wanjala akaonyesha dari, akanishika bega, akawaambia aliyemfundisha ni mimi. Wakapiga makofi.

"Mbona unawadanganya watu?" nikamnong'oneza.

"Nani anadanganya? Simu haikujua kitu, mzee. Niliona ukitia gundi kwenye ndoo yako ulipofanya kuta za ngazi."

Vijana, kusema asante kungenipunguza nini? Miaka yote nilidhani ufundi unaibwa na wanaokuchukia. Huyu alinichukulia huku ananiheshimu, na hata upole wake nikauonea wivu.

Nikaweka sahani ya keki kwenye rafu ya meko ya sebuleni. Nikashuka ngazi za mbele, nikatembea mpaka kituo cha basi. Msimamizi alipiga simu wiki nzima, sikupokea. Ndivyo nilivyostaafu. Niko hapa Shively, basi moja tu mpaka kwenye nyumba ile, na sijarudi.