Mtama Uliochelewa wa Chilangala

Sikuzani Mrisho hupima mtama kwa ukucha. Huchagua punje ya katikati ya suke, huiminya, hutazama. Yakitoka maziwa, ndege bado wanaitaka. Ikiwa nzito kama unga uliokandwa, zimebaki wiki mbili. Ukucha ukigoma kuingia, ni wakati wa kukata.

Jumanne asubuhi yalitoka maziwa.

Ana miaka hamsini na miwili. Kwa siku kumi na sita amekuwa shambani tangu alfajiri hadi magharibi, akipiga debe na kelele kufukuza ndege mpaka sauti yake mwenyewe imekauka. Majirani hapa Chilangala hupanda wiki ileile, ili masuke yatoke pamoja, ndege wagawanyike, na watu wapokezane kuwinga, yaani kuwafukuza. Desemba yeye aliwahi mvua ya kwanza. Miche ilipofika majani matatu, jua likaiunguza. Akapanda upya Januari, wenzake wakipalilia. Sasa mtama wao umekomaa, na ndege wote wamehamia kwake.

Saa nne mkwewe, Mujibu, mume wa binti yake Shakila, alipiga simu kutoka hospitali ya Mkomaindo, Masasi.

"Shikamoo mama. Shakila atajifungua kwa kupasuliwa Alhamisi. Analia, anakutaka wewe tu."

"Marahaba. Mwambie nakuja."

Alikwenda kwa jirani yake Stamili, aliyekuwa akivuna.

"Mama Anwari, niwingie ndege siku tano."

"Nilikwambia subiri mvua ya pili, ukaniita mvivu. Haya, mtazame mvivu anavyokata." Stamili alinyooka polepole, mkono kiunoni. "Asubuhi nitakuja. Jioni siwezi, mgongo umekufa."

"Jioni ndiyo wanakuja wengi."

"Basi kata ulioanza kuwa unga. Usiwaachie wote."

Alasiri Sikuzani alipita akiminya suke moja moja. Safu nne za juu zilikuwa na unga. Alizikata, akijua punje zitasinyaa na hazitafaa kwa mbegu. Zitatosha uji wa mzazi. Safu ishirini na mbili zilizobaki, chakula chake cha mwaka, aliziacha zimesimama. Jumatano alipanda basi.

Alhamisi saa nane mchana Shakila alitolewa chumba cha upasuaji, na mtoto wa kike. Jioni Stamili alipiga simu. Sikuzani, akiwa ameegemea ukuta wa wodi, aliliona jina, akawakumbuka ndege wa jioni, akaiacha simu ilie mpaka ikanyamaza, akafumba macho.